Debe na Jerikeni: Habari za Vyombo vya Kuchukulia Mafuta

Jioni hii hatukuja kuwasimulia habari za wafalme. Twataka kuwasimulia habari za chombo kimoja kinyonge, ambacho mtu hukipiga teke akipita uani, nacho ni debe. Tena habari za chombo kilichokuja kulirithi, yaani jerikeni. Pengine mtu atasema, "Debe nalo lina historia gani?" Twamwomba asubiri kidogo. Vyombo hivi vimepata kuzuia majeshi yasiende, tena vimepata kuunguza watu na nyumba, na sababu ya mambo hayo yote ni moja, ni mafuta yaliyomwagika.

Kwanza tueleze jambo lililotupata sisi wenyewe. Tulipokuwa wadogo, nyumbani kwetu tulitumia kandili. Jioni moja mama yetu alimtuma kaka yetu dukani kununua chupa ya mafuta ya taa. Kaka akarudi, mama akaijaza kandili, akaiwasha kama alivyofanya kila siku. Haikupita muda, mwali ukaruka juu kwa kishindo, kioo kikapasuka, na moto ukashika kanga ya mama na mkono wake wa kuume. Baba alimfunika kwa blanketi zito, moto ukazimika, lakini kovu lake lipo hata leo. Majirani walisema mengi usiku ule, na baadhi yao walitaja maneno ya uchawi. Miaka mingi ikapita, hata tulipokuwa tukifundisha chuoni ndipo tulipofahamu mambo yalivyokuwa. Mwenye duka alikuwa na dumu moja tu la mafuta. Leo alilichukulia petroli ya pikipiki, kesho akalichukulia mafuta ya taa, wala hakuona kosa, maana kwa macho yake yote yalikuwa mafuta.

Kumbe mafuta ya taa na petroli ni ndugu wasiofanana tabia. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka yapate joto la digrii 38 au zaidi. Ndiyo maana yamo ndani ya kandili na mtu hukaa karibu nayo kwa salama. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata penye baridi ya digrii 40 chini ya sifuri, yaani mahali ambapo maji yamekwisha kuwa jiwe. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hushuka chini ukatambaa sakafuni kama maji yasiyoonekana, hata ukutane na jiko chumba cha pili. Basi petroli kidogo tu iliyobaki chini ya dumu yatosha kuyageuza mafuta ya taa yawe kitu kingine kabisa.

Sasa turudi kwenye asili ya debe. Mwaka 1859 kilichimbwa kisima cha mafuta karibu na Titusville, katika jimbo la Pennsylvania huko Marekani, na biashara ya mafuta ya taa ikaanza kukua upesi. Hapo mwanzo mafuta yalitiwa katika mapipa ya mbao, na hata leo wafanya biashara wa mafuta huhesabu kwa pipa la galoni 42 za Kimarekani, ingawa pipa lenyewe halionekani tena. Pipa la mbao lilivuja. Jua lilikausha mbao, mafuta yakapenya katika viungo, na safari ya baharini ya miezi mingi ilizidisha hasara. Kwa hiyo mafuta ya kupelekwa nchi za mbali, kama Bara Hindi, China na pwani yetu, yalianza kutiwa katika makopo ya mraba ya bati jembamba, galoni tano za Kimarekani kila kopo, makopo mawili katika sanduku moja la mbao. Galoni hizo tano ni kadiri ya galoni nne za Kiingereza, au lita 18 na kitu. Hilo ndilo debe letu. Jina lake tulilipata kwa wafanya biashara wa Kihindi, ambao kwao kopo ni "dabba".

Hapa kuna kisa ambacho twapenda kukisimulia kila mara. Marcus Samuel, tajiri wa London, ambaye baadaye alianzisha kampuni ya Shell, aliona kwamba kuchukua mafuta katika makopo na masanduku ni kupoteza nafasi melini na fedha. Akatengeneza meli ambayo tumbo lake lote ni tangi. Meli hiyo, jina lake Murex, ilipita mfereji wa Suez mwezi wa Agosti 1892, imebeba mafuta ya taa ya Urusi kutoka bandari ya Batum, ikaenda mpaka Singapore na Bangkok. Tajiri alifikiri kwamba watu watakuja na vyombo vyao wenyewe, wajaziwe, walipe bei nafuu. Hawakuja. Watu wa nchi zile walikuwa wamezoea kununua mafuta ya Kimarekani pamoja na kopo lake la rangi ya samawati, na kopo lile lilikuwa na thamani kwao sawasawa na mafuta: walilifanya paa, vikombe, vichungio na matundu ya ndege. Mafuta bila kopo hawakuyataka. Ikambidi Samuel apeleke bati jembamba huko huko na kutengeneza makopo papo hapo, akayapaka rangi nyekundu. Tajiri mwenye meli mpya kupita zote alishindwa na debe tupu!

Wala wazee wetu hawakuwa mbali na watu wale. Nani asiyejua kazi za debe katika nchi zetu? Debe lilikuwa ndoo ya kisimani na pishi la sokoni. Hata leo mahindi huuzwa kwa debe. Likipasuliwa na kunyoshwa lilikuwa bati la paa au ubao wa mlango. Fundi wa bati alilikata akafanya koroboi, kikaangio, na kopo la kunywea uji. Sanduku lake la mbao lilikuwa kiti au kabati. Nasi twalo methali, "Debe shinde haliachi kutika." Watu huitumia kumsema mtu mwenye elimu kidogo na maneno mengi, lakini aliyeitunga kwanza bila shaka alikuwa amebeba debe lisilojaa kichwani, na maji yakamlowesha mabega.

Walakini tusilisifu debe kupita kiasi. Debe la mafuta lilitengenezwa kwa safari moja tu. Bati lake lilikuwa jembamba kama ganda, viungo vyake vililehemiwa kwa risasi laini, na halikuwa na kifuniko cha kufungua na kufunga tena kwa nguvu. Mwenye kununua alilitoboa, akamimina, basi kazi yake ya kuchukulia mafuta imekwisha. Watu wenye akili walitoboa tundu mbili, moja ya kumiminia na ya pili, pembe ya mkabala, ya kuingizia hewa. Asiyefanya hivyo alisikia debe likiguguma, "gugu, gugu", mafuta yakitoka kwa kuruka ruka na kumwagika miguuni. Sababu ni nyepesi: mafuta hayawezi kutoka mpaka hewa iingie mahali pake. Tundu likiwa moja, mafuta na hewa hugombea mlango mmoja, huyu akitoka, yule akiingia kwa nguvu. Wanafunzi mwaweza kulijaribu jambo hili kwa chupa ya maji leo hii.

Shida zilianza watu walipolipa debe kazi ya safari nyingi, na zilizidi magari yalipoenea. Petroli nayo iliuzwa katika madebe, mawili katika sanduku, na mwenye lori aliyetaka kwenda mbali barani alipakia masanduku yake nyuma. Barabara zilikuwa za mashimo. Sanduku liligonga sanduku, lehemu ikaachana, na harufu ya petroli ikawa ndiyo harufu ya safari.

Sasa tuingie katika vita. Mwaka 1940 Waingereza walianza kupigana na Waitalia katika jangwa la Misri na Libya, na mapema mwaka 1941 Wajerumani walikuja kuwasaidia Waitalia, wakiongozwa na Jenerali Rommel. Jangwani hakuna kuni, hakuna mto, hakuna majani ya kulisha farasi. Kifaru kisichokuwa na petroli ni chuma tu, na askari asiyekuwa na maji ni maiti. Vita vile vilikuwa vita vya kuchukua: nani ataweza kuchukua petroli na maji mamia ya maili kutoka bandarini na kufika navyo. Watu wetu wa Afrika Mashariki walikuwamo katika kazi hiyo. Vikosi vya wapagazi na wajenzi kutoka nchi zetu vilipelekwa Misri na Libya, wakapakia na kupakua, wakajenga barabara, na majina yao hayamo katika vitabu vingi vya vita.

Na chombo cha Waingereza kilikuwa nini? Kilikuwa lile lile debe la galoni nne, la bati jembamba, walilolitengeneza kwa wingi na kwa bei ndogo huko Misri. Askari wenyewe walilipa jina lenye maana ya kitu chepesi kisichofaa. Debe lilitupwa juu ya lori, likapangwa chini ya madebe mengine, lori likaenda juu ya mawe siku tatu au nne chini ya jua. Lilipofika, mara nyingi lilikuwa nusu. Jenerali Auchinleck, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Waingereza katika nchi zile, alikadiria kwamba petroli iliyopotea kati ya ghala na mtumiaji ilikuwa asilimia 30. Fikirini maana yake. Petroli ile ilikuwa imevuka bahari katika meli, na mabaharia walikuwa wamekufa kwa ajili yake, na karibu theluthi yake ikanywewa na mchanga kwa sababu ya lehemu mbovu. Tena mchanga haukunywa yote. Iliyobaki ilikuwa mvuke ndani ya malori na matumbo ya meli, ikingoja cheche moja tu.

Askari walilipata debe lile faida moja tu. Walilikata nusu, wakatia mchanga ndani, wakamwagia petroli, wakawasha, wakachemsha chai juu yake. Kwa kuchemshia chai hatuna neno nalo.

Siku zile zile Wajerumani walikuwa na chombo kingine. Tokea mwaka 1937 walikuwa nacho tayari, kimebuniwa na mhandisi aitwaye Vinzenz Grünvogel wa kiwanda cha Müller katika mji wa Schwelm. Yafaa tukieleze polepole, maana kila sehemu yake ni jibu la ubovu fulani wa debe.

Kilichukua lita 20. Kilifanywa kwa vipande viwili tu vya chuma, vilivyokandamizwa na mashine vikapata umbo, kisha vikaunganishwa kwa kuchomelewa, si kwa lehemu laini. Na mstari wa kiungo ulizamishwa ndani ya ubavu ili usigongwe. Ubavuni kilikuwa na alama kama msalaba uliolala, imekandamizwa ndani ya chuma. Wengi hudhani ni pambo. Si pambo. Mikunjo ile hutia ubavu nguvu, tena huupa nafasi ya kutanuka petroli ikipata moto na kurudi ikipoa, bila kupasuka. Ndani kilipakwa kitu cha kuzuia kutu, hata kiliweza kuchukua maji, na vile vya maji vilipigwa msalaba mweupe ili mtu asikosee usiku. Kifuniko hakikuwa cha kuzungusha. Kilikuwa na wenzo, ukiubana wakaza kifuniko juu ya mpira wake, ukiuinua wafungua kwa mkono mmoja, pasipo spana. Kifuniko kilifungwa kwa bawaba kisipotee mchangani. Mdomo ulikuwa mfupi, na ndani yake ulikuwa na mrija mdogo wa kupitisha hewa, basi petroli ilimiminika laini bila kuguguma wala kuhitaji faneli. Chini ya vishikio palibakizwa chumba cha hewa, ambacho petroli haikukijaza, kwa hiyo chombo kikitupwa majini kiliweza kuelea.

Na vishikio vilikuwa vitatu. Kwa nini vitatu? Mtu mmoja akichukua chombo kilichojaa, hushika cha kati. Watu wawili wakipokezana kwa safu, mmoja hushika cha huku na wa pili cha huku, wala vidole vyao havigongani. Vikiwa vitupu, mtu mmoja huweza kushika viwili kwa kila mkono, vinne kwa mara moja. Chombo kilichojaa petroli kilikuwa na uzito wa kilo 20 hivi, mzigo ambao mtu wa kawaida huumudu siku nzima. Twaona kwamba Grünvogel, au yeyote aliyemshauri, alikuwa amewatazama wachukuzi kwa makini. Aliyetengeneza debe la jangwani alitazama bei.

Sasa kuna habari ya Mmarekani mmoja, mhandisi Paul Pleiss, aliyekuwa akifanya kazi Berlin. Mwaka 1939 yeye na mwenzake Mjerumani walianza safari ya motakaa kwenda Bara Hindi. Walipokuwa tayari waliona kwamba hawana chombo cha maji ya akiba. Yule Mjerumani alijua ghala la vyombo hivi vipya katika uwanja wa ndege wa Tempelhof, akachukua vitatu. Walipokuwa njiani Mjerumani aliitwa arudi kwao, ikaja ndege kumchukua. Lakini kabla ya kuagana alimpa mwenzake maelezo yote ya namna chombo kile kinavyotengenezwa. Pleiss akaendelea mpaka Calcutta, akaiacha motakaa yake huko, akarudi kwao Marekani. Aliwaambia wakubwa wa jeshi habari za chombo hicho. Hawakumsikiliza. Walisema walicho nacho chatosha.

Pleiss hakukata tamaa. Mwaka 1940 alifanya mpango motakaa yake iletwe kwa meli pamoja na vyombo vyake, akawapelekea chombo kimoja wakione kwa macho. Walikiona, wakakiiga, lakini waliiga sura, wakaacha maana. Ukubwa na vishikio waliviacha vile vile. Kiungo cha kuchomelewa wakakibadili kuwa kiungo cha kukunjwa. Kile kitu cha kuzuia kutu wakakiondoa. Kifuniko cha wenzo wakaweka cha kuzungusha kinachotaka spana, na mmiminaji akahitaji faneli. Wakapata chombo kilichofanana na cha Mjerumani kama kinyago kifananavyo na mtu, kikavuja. Sisi walimu twalijua kosa hili, kwa kuwa twaliona kila mwaka katika madaftari ya wanafunzi walionakili hesabu ya mwenzao.

Waingereza, kwa upande wao, walifundishwa na jangwa. Kila kikosi kilichoteka vyombo vya Wajerumani kilivificha kama mali, wala hakikukubali kuvirudisha ghalani. Kwa kuwa askari wa Kiingereza walimwita Mjerumani "Jerry", chombo chake kikaitwa kopo la Jerry. Na hapo ndipo lilipotoka neno letu la jerikeni. Mwishowe serikali yao ilikubali kutengeneza mfano halisi, pasipo kubadili kitu. Mapema mwaka 1943 jerikeni milioni mbili za Kiingereza zilikuwa zimepelekwa Afrika ya Kaskazini, na vita vya Ulaya vilipokwisha mwezi wa Mei 1945, jerikeni za mataifa yaliyoshinda zilizotapakaa Ulaya zilikadiriwa kuwa milioni 21. Rais Roosevelt wa Marekani alikiri mwaka 1944 kwamba pasipo vyombo vile majeshi yake yasingeweza kupita Ufaransa kwa mbio walizopita. Adui alikuwa ametoa somo, na waliojifunza upesi walifaidika. Lakini ni watu wangapi waliokufa kati ya mwaka 1940 na 1943 kwa sababu wakubwa waliona haya kumwiga adui? Hesabu hiyo haikuandikwa.

Wasikilizaji, msidhani kwamba habari hizi ni za jangwani tu. Lile debe la safari moja limezaliwa upya kati yetu. Tazameni dumu la njano la mafuta ya kupikia. Nalo huchukua lita 20, na sura yake ni ya jerikeni kabisa, lakini ni plastiki nyepesi iliyofanywa ichukue mafuta ya kula kutoka kiwandani mpaka dukani, basi. Sisi twalipa kazi ya maji, na hilo si kosa; kwa maji ni rafiki mkubwa wa mama zetu na dada zetu. Kosa huanza tunapolitia petroli. Kifuniko chake hakikukusudiwa kuzuia mvuke, ndiyo sababu mtu huweka kipande cha mfuko wa nailoni chini yake na kudhani kwamba amefunga. Likipata jua huvimba. Likiwa nyuma ya pikipiki, juu ya injini ya moto, hatuhitaji kuwaeleza zaidi.

Basi anayenunua chombo cha petroli atazame yale yale aliyoyatazama Grünvogel. Ageuze kifuniko, aone kama kina mpira mzima, wala haukupasuka. Apapase kiungo kwa kidole. Atafute tundu au mrija wa hewa. Achague chombo anachoweza kukiinua kikiwa kimejaa bila kuinama upande, maana anayebeba kwa shida ndiye anayemwaga. Kama ni cha plastiki, kiwe kile kinene kilichotengenezwa kwa ajili ya petroli hasa. Kisha akiandike jina la kilichomo kwa rangi isiyofutika, na jina hilo lisibadilike mpaka chombo kife.

Katika kujaza, chombo kiwekwe chini ardhini, si ndani ya gari wala juu ya pikipiki, kwa kuwa petroli inapopita katika mpira wa pampu huzaa umeme kidogo, na chombo kilichokaa juu ya plastiki au zulia hakina njia ya kuupeleka ardhini. Hurukia mahali pengine kwa cheche. Tena kisijazwe mpaka mdomoni. Petroli lita 20 ikipata joto la digrii 20 zaidi, yaani tofauti ya alfajiri na adhuhuri juani, huongezeka zaidi ya theluthi moja ya lita. Isipopata nafasi ndani, itaitafuta nje.

Na katika kumimina, kuna jambo dogo ambalo tumeliona wengi hawalijui. Debe au dumu lenye mdomo pembeni, watu hulilaza mdomo ukiwa upande wa chini, karibu na chombo kinachopokea, wakidhani ndiyo njia fupi. Ndipo linapoguguma na kuwarukia. Ligeuzwe, mdomo uwe upande wa juu, liinamishwe polepole. Hewa itaingia juu ya mafuta, na mafuta yatatoka kama uzi. Tulipowaonyesha wanafunzi wetu kwa maji, mmoja alisema bibi yake humimina hivyo siku zote, naye hajui kusoma. Tuliona haya kidogo.

Limebaki jambo moja ambalo ni zito kulisema, lakini halina budi kusemwa. Tarehe 31 Januari 2009, mahali paitwapo Sachangwan katika Kenya, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda na vyombo vyao kuteka petroli iliyomwagika, moto ukawaka, wakafa zaidi ya 100. Tarehe 2 Julai 2010, katika mji mdogo wa Sange, Kivu ya Kusini huko Kongo, ikawa vivyo hivyo, na waliokufa walizidi 200. Tarehe 10 Agosti 2019, Morogoro katika Tanzania, tena vivyo hivyo, wakafa zaidi ya 100. Wengi wao walikuwa wamebeba madumu. Hatuwasemi wafu, umaskini ulijua njia ya kuwaita. Lakini walioteka petroli mahali pale walikuwa wamesimama ndani ya mvuke usioonekana, unaowafikia magotini, na chombo walichoshika hakingaliweza kuwasaidia hata kama kingalikuwa kile cha Grünvogel chenyewe.

Mama yetu sasa ni mzee. Nyumbani kwake kuna taa ya umeme wa jua, na kandili imetundikwa ukutani, haina kioo. Mafuta ya taa hununua kidogo tu kwa ajili ya jiko. Wiki iliyopita kijana mmoja alimletea dumu jipya kama zawadi, zuri, lina kifuniko chekundu. Mama akalipokea kwa mkono ule wenye kovu, akashukuru, kisha akamwuliza, "Mwanangu, jana lilichukua nini?"